Umar bin Abdulaziz: Khalifa aliyelipa deni la kuni



Ndugu Waislamu, hivi karibuni baada ya Sala ya Ijumaa hapa Tarime tulifuatwa na mama mmoja mwenye swali. Mumewe alisikia hotuba yetu juu ya ubaya wa israfu, akarudi nyumbani na kutangaza kuwa kuanzia siku ile matumizi yatabanwa. Fedha ya kitoweo ikapunguzwa. Gunia la mkaa lililokuwa likinunuliwa kila mwezi likaondolewa, na akina mama wa nyumba ile wakaambiwa waende vilimani wakatafute kuni wenyewe. Lakini bwana mwenyewe, kwa maelezo ya mkewe, hakujipunguzia kitu. Pikipiki iliendelea kunywa mafuta kama kawaida, na kabla mwezi haujaisha akanunua simu mpya. Mama yule alituuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, kama huo ndio ukinaifu unaofundishwa na dini yetu.

Tulimjibu kwa ufupi kuwa nafaqa ya mke na watoto ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba hotuba ya Ijumaa haimwondolei mtu wajibu huo. Akaenda zake, nasi tukabaki na fikra. Katika hotuba ile tulikuwa tumeieleza israfu kwa kirefu, ila tulisahau kueleza ni nani aanze kuiacha. Upungufu ulikuwa wetu. Basi leo tumeonelea tuwaletee maisha ya mtu ambaye habari zake zinalijibu swali la mama yule kuliko tulivyolijibu sisi. Mtu huyo ni Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, Khalifa wa nane wa Banu Umayya, ambaye wanazuoni wengi wamemuweka katika daraja ya Makhalifa Waongofu ingawa alikuja miongo mingi baada yao.

Kisa chake huanzia kwenye maziwa. Inapokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akizunguka usiku mjini Madina kuangalia hali za watu, akachoka na kuegemea ukuta wa nyumba moja. Ndani alimsikia mama akimwamrisha binti yake ayatie maji maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akamkumbusha mama yake kuwa Amirul-Muuminina amekwisha kulikataza jambo hilo. Mama akasema kuwa Umar hayupo pale wala hawaoni. Binti akajibu kuwa hawezi kumtii mtu hadharani kisha akamuasi faraghani. Sayyidna Umar aliiwekea alama nyumba ile, na baadaye akamuoza binti huyo kwa mwanawe Asim. Kwao akazaliwa Ummu Asim, na Ummu Asim ndiye mama wa Umar bin Abdulaziz. Sisi wa Mara tunaoishi na ng'ombe, tunaojua bei ya lita moja ya maziwa na tunaojua pia maziwa mepesi yanavyofika sokoni, tunakifahamu kisa hiki bila kufasiriwa.

Kwa upande wa baba, Umar alizaliwa katika neema tupu. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa muda wa miaka kama ishirini. Ami yake, Abdul Malik bin Marwan, alikuwa Khalifa. Wanahistoria wanahitilafiana kama alizaliwa mwaka 61 au 63 Hijria, lakini wanakubaliana kuwa akiwa kijana alipelekwa Madina kusoma. Huko alikabidhiwa kwa mwanazuoni Salih bin Kaysan. Siku moja kijana alichelewa sala ya jamaa, na alipoulizwa akasema kuwa mhudumu alikuwa bado anamtengeneza nywele. Mwalimu akamwandikia baba huko Misri. Baba akamtuma mtu kutoka Misri hadi Madina, na mjumbe huyo hakuzungumza neno na kijana mpaka alipomnyoa kichwa chote.

Hata hivyo, nywele ziliota tena. Tunasema hivi kwa sababu baadhi ya waandishi hupenda kumchora Umar kana kwamba alikuwa zahidi tangu utotoni, na hilo si kweli. Alipokuwa kijana, na hata alipokuwa gavana wa Madina kuanzia mwaka 87 Hijria (706), alikuwa miongoni mwa watu wa Banu Umayya waliopenda zaidi mavazi ya thamani na manukato. Akipita njiani harufu ya manukato yake hubaki nyuma yake. Alikuwa na mwendo wake wa maringo, na wasichana wa Madina wakawa wanajifunza kuuiga. Nguo nzuri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ililetwa mbele yake akaiona kuwa ni ya kukwaruza. Hakuwa dhalimu, na katika ugavana wake alikuwa na baraza la mafakihi kumi aliowashauri. Lakini kwa matumizi alikuwa mtoto wa ikulu. Jambo hili lina faida kubwa kwetu, kwani linaonyesha kuwa mtu aliyezoea kupoteza anaweza kubadilika akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto.

Mabadiliko yalikuja mwezi wa Safar mwaka 99 Hijria (717). Khalifa Sulayman bin Abdul Malik alifariki huko Dabiq, kaskazini ya Sham, na barua aliyoiacha kwa Rajaa bin Haywa ilipofunguliwa ikakutwa imemtaja Umar. Alipotoka mazikoni aliletewa farasi na vipando vya fahari vya Khalifa mpya, kila kimoja na mtu wa kukitunza. Akaviacha vyote vikauzwe na thamani yake iingie Baitul-Mali, yeye akapanda nyumbu wake mwenyewe. Mahema mapya na mazulia aliyotandikiwa yakafuata njia hiyo hiyo. Hakukimbilia kuingia ikulu, kwani aila ya Sulayman ilikuwa bado imo ndani.

Kisha akaigeukia mali yake mwenyewe. Hapa ndipo tunapoomba msomaji asipite haraka. Umar alikuwa na mashamba mengi yaliyotokana na zawadi za makhalifa waliotangulia, na aliamini kuwa waliotoa hawakuwa na haki ya kutoa. Inapokewa kuwa alikaa mbele ya watu, mtumishi wake Muzahim akisoma nyaraka za mashamba hayo moja baada ya moja, na Umar akizichukua na kuzikata vipande. Pato lake lililokuwa dinari maelfu kwa mwaka likashuka hadi mamia machache. Miongoni mwa alivyojibakizia ni chemchemi ya Suwaida huko Hijazi, ambayo aliichimba kwa fedha ya halali yake mwenyewe. Baada ya hapo tu ndipo akawaendea jamaa zake wa Banu Umayya na kuwataka nao warudishe walichokichukua.

Na mkewe je? Fatima binti Abdul Malik alikuwa binti wa khalifa, dada wa makhalifa, na sasa mke wa khalifa. Sijui kama kuna mwanamke mwingine katika tarehe yetu aliyezungukwa hivyo na ufalme. Alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake. Umar alimweleza kuwa anaona vito vile vimetoka katika mali ya umma, kisha akamwachia achague: avirudishe Baitul-Mali, au waachane kwa wema, kwa sababu yeye hawezi kukaa na vito vile katika nyumba moja. Fatima akamchagua mumewe, vito vikapelekwa. Wengine huona kuwa uchaguzi huo ulikuwa mgumu mno kuitwa uchaguzi. Huenda. Lakini mume aliyemwekea mkewe jambo hilo alikuwa amekwisha kuzikata hati za mashamba yake mwenyewe mbele ya watu, na nguo iliyomkwaruza jana ndiyo aliyoiona laini kupita kiasi leo. Hakumtuma Fatima mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika.

Nyumba yao ilivyokuwa baada ya hapo tunaijua kupitia mgeni mmoja. Mwanamke kutoka Iraq, mwenye mabinti watano wasio na wa kuwatazama, alisafiri hadi Sham kumtafuta Khalifa. Akaelekezwa nyumbani, akaruhusiwa kuingia, akamkuta Fatima ameshika pamba anaifanyia kazi. Mgeni akatazama huku na huku, asione kitu cha thamani, akaingiwa na huzuni kuwa amekuja kuijenga nyumba yake iliyobomoka kwa msaada wa nyumba ambayo nayo imebomoka. Fatima akamweleza kuwa nyumba hii imebomoka kwa ajili ya kuzijenga nyumba za watu kama yeye. Mara akaingia mwanamume, akateka maji kisimani uani na kuyamwagia udongo wa kukandika. Mgeni akamshauri Fatima ajisitiri na kibarua yule, kwani anamtazama sana. Fatima akamfahamisha kuwa yule si kibarua, ni Amirul-Muuminina. Umar alipomaliza alimwendea mgeni, akamchagulia zabibu zilizo nzuri kapuni, akasikiliza haja yake na kuandika posho kwa mabinti zake.

Khalifa aliyetawala kutoka mipaka ya Bara Hindi hadi Andalusia anakanda udongo wa nyumba yake! Hapa kwetu mwanamume akionekana anabeba ndoo ya maji kwenda jikoni, wenzake humcheka na kuuliza kama mkewe amemshinda. Tunadhani wenye kucheka ndio wanaohitaji kusoma kisa hiki.

Sasa tuje kwenye kuni. Katika siku za baridi za Sham mtumishi wa Umar alikuwa akimletea maji ya moto ya kutawadhia. Kwa muda Umar hakuuliza, kisha akataka kujua yanachemshwa wapi. Akaambiwa kuwa yanapelekwa katika jiko la umma, yaani mahali ambapo chakula cha Waislamu kilipikwa kwa fedha ya Baitul-Mali, yanawekwa pembeni ya moto hadi yapate joto. Moto ule ulikuwa unawaka vyovyote vile. Mtu mwingine angesema hakuna kilichopungua. Umar akauliza jambo hilo limedumu kwa muda gani, akaambiwa karibu mwezi mzima, akahesabu kuni zinazoweza kuchemsha maji kiasi hicho kwa siku zote hizo, kisha akaagiza zinunuliwe kwa fedha yake na kurudishwa jikoni mle.

Tumekizingatia sana kisa hiki tukiwa Tarime, mahali ambapo kuni ni habari ya kila siku. Vilima vyetu vina mvua na udongo mzuri, ndiyo maana tuna migomba, mahindi, mihogo na hata kahawa. Lakini watu wazima wanakumbuka miti iliyokuwa mahali ambapo leo kuna vichaka. Zamani mama alitoka asubuhi na kurudi kabla jua halijapanda, na siku hizi binti anayetumwa kuni anaweza kukosa vipindi vya shule. Tunapokata mti ambao hatukuupanda, wa kilima ambacho si cha mtu mmoja, tunatumia jiko la umma. Kuni zile zina deni. Umar alilipa kuni kwa kuni, na sisi malipo yetu yanajulikana, nayo ni kupanda. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mche anaoupanda Muislamu, akila humo mtu au ndege au mnyama, huandikwa kuwa ni sadaka yake.

Hata kabla ya kupanda, yapo mambo yanayowezekana jioni hii. Maharage yakilowekwa tangu usiku huiva kwa kuni chache sana. Sufuria ifunikwe. Kuni zikaushwe vema kabla ya kuwashwa, kwa sababu kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi wake huishia machoni na kifuani mwa mpishi. Jiko banifu la udongo hutumia kuni pungufu kuliko mafiga matatu yaliyo wazi, na mwanamume aliyejifunza kwa Umar anaweza kulikandika kwa mikono yake siku moja ya mapumziko. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi asimcheleweshee mkewe. Yule bwana wa pikipiki, kwa mfano, bei ya simu yake ingetosha mtungi na jiko lake.

Tabia ya Umar katika moto ndiyo tabia yake katika mwanga na karatasi. Usiku akishughulikia mambo ya watu aliwasha taa inayotumia mafuta ya Baitul-Mali, na mazungumzo yakigeukia habari zake binafsi aliizima na kuwasha ya kwake. Siku moja taa ilififia akiwa na mgeni, naye Rajaa bin Haywa anasimulia kuwa Umar alikataa kumwamsha mtumishi aliyelala, akakataa pia mgeni asimame, akainuka mwenyewe kuitengeneza. Gavana wake wa Madina, Abu Bakr bin Muhammad bin Hazm, alipoomba aongezewe karatasi, alijibiwa achonge kalamu yake iwe nyembamba, aisogeze mistari na akusanye haja nyingi katika waraka mmoja. Na huyu Abu Bakr ndiye yule ambaye Umar alimwagiza aandike Hadithi za Mtume (S.A.W.) kwa kuchelea elimu isipotee. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuionea karatasi choyo pale inapostahili.

Huwa tunawaona vijana wanaokuja msikitini na chaja za simu zao mapema kuliko wanavyokuja kwa sala. Hatusemi wafukuzwe. Tunasema wamkumbuke Umar, na kisanduku cha sadaka kipo mlangoni.

Maji yanataka maneno zaidi. Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia katika maeneo yetu ya matete na mafunjo na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, safari ya karibu kilomita 400. Anayekata msitu Mau anamgusa mvuvi wa Kirumi, na anayeosha mapipa ya dawa mtoni huku kwetu anamgusa anayeteka chini yake. Dini ilitutangulia katika jambo hili. Imepokewa kwa njia sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja ya maji, yaani chini ya lita moja, na akikoga kwa kiasi cha pishi ya mudi nne hadi tano, yaani kama lita tatu na zaidi kidogo. Sasa tusimame sehemu ya udhu ya msikiti wowote tuangalie bomba lililofunguliwa hadi mwisho wakati mtu anazungumza na jirani yake. Madumu mangapi hupita hapo kwa sala moja, hali ya kuwa mtoto wa nyumba ya tatu amepanga foleni kwenye kisima?

Umar aliwakumbuka pia wasioweza kulalamika. Alipata habari kuwa ngamia wa Misri wanabebeshwa hadi ratili 1000, akamwandikia mtumishi wake huko kuwa mzigo usizidi ratili 600. Alikataza pia wanyama kuchomwa kwa fimbo zenye chuma nchani. Wenye punda wanaopandisha maji na magunia ya mahindi katika milima yetu, habari hiyo ni yenu.

Katika chakula kuna kisa tunachokipenda. Shemeji yake, Maslama bin Abdul Malik, jemadari mashuhuri, alijulikana kwa kutumia fedha nyingi kila siku mezani. Umar hakumsema mbele za watu. Alimwalika mapema asubuhi, akawaagiza wapishi watayarishe vyakula vya aina nyingi pamoja na adesi, ambayo ni jamii ya kunde, iliyopikwa kwa kitunguu na mafuta. Akamzungumzisha mpaka jua likapanda na njaa ikamkamata. Adesi ikaletwa kwanza. Maslama akala akashiba. Ndipo vyakula vya fahari vikaletwa, naye hakuweza kuongeza tonge. Umar akamwonyesha kuwa ikiwa tumbo linatoshelezwa na adesi, basi hiyo fedha nyingine ya kila siku inakwenda wapi? Wanaoandaa karamu za harusi kwa mkopo, wakachinja ng'ombe wanne ili wageni wamwage nusu ya pilau, wamfikirie Maslama.

Lakini hatutaki kuficha upande mgumu wa habari hii. Usiku mmoja Umar aliingia kwa mabinti zake kuwasalimia kama ilivyokuwa desturi yake, wakaziba midomo yao kwa mikono na kukimbilia mlangoni. Akamuuliza mlezi wao kuna nini. Akaambiwa kuwa hawakuwa na chakula cha jioni ila adesi na kitunguu, wakachelea baba yao asikie harufu. Umar akalia. Akawaeleza kuwa haitawafaa kula vyakula vya rangi rangi ikiwa baba yao atapelekwa motoni kwa ajili hiyo, nao wakalia mpaka sauti zikasikika.

Je, alikuwa na haki ya kuwatwisha watoto mzigo ule? Tumeulizwa swali hili darasani, na hatuoni aibu kusema kuwa ni swali zuri. Jawabu letu ni kuwa Umar alikuwa na dhamana ya ummah mzima na alijichukulia kiwango ambacho sheria haikumlazimisha, wala haitulazimishi sisi. Yeye mwenyewe hakukifanya kuwa kiwango cha watu wote. Maofisa wake aliwalipa mishahara mizuri ili wasishawishike kugusa mali ya umma, na alipoulizwa mbona anawapa wao na kuinyima aila yake, hakubadili msimamo. Bakhili angeanza kwa kukata mishahara ya wengine. Kwa hiyo mume wa leo mwenye uwezo, anayewalisha watoto wake mboga bila mafuta huku yeye anakula nyama ya kuchoma sokoni, asijifunike kwa jina la Umar. Watoto wa Umar walikula adesi usiku ule kwa sababu baba yao pia chakula chake kilikuwa adesi.

Utawala wake ulidumu miaka miwili na miezi kama mitano tu. Aliugua, na wapokezi wengi wanasema alitiliwa sumu na mtumishi aliyehongwa dinari 1000, ambaye Umar alimsamehe, akazitaka zile dinari na kuzitia Baitul-Mali. Maslama alipokuja kumtazama alimkuta amevaa kanzu iliyochafuka. Akamwambia dada yake amfulie. Siku ya pili akaikuta ile ile, akakasirika, na Fatima akamweleza kuwa hana nyingine. Maslama akataka kuwaachia watoto fedha kutoka mali yake, na Umar akamshauri airudishe ilikotoka. Aliwaita wanawe, waliokuwa zaidi ya kumi, akawatazama na kuwakabidhi kwa Mwenyezi Mungu. Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720) huko Dayr Siman katika nchi ya Sham, akiwa na umri wa karibu miaka arubaini, katika ardhi ya kaburi aliyoinunua kwa fedha yake. Alichoacha kilikuwa dinari chache, na kila mtoto akapata sehemu ndogo sana.

Kaka yake Fatima, Yazid bin Abdul Malik, ndiye aliyeshika ukhalifa. Vile vito bado vilikuwa katika Baitul-Mali, havijaguswa. Yazid akamwita dada yake na kumwambia kuwa anajua Umar alimdhulumu katika mali yake, na kwamba sasa anaweza kuvichukua. Fatima alikuwa mjane, mwenye watoto na hana kitu. Akamjibu kaka yake kuwa alivitoa kwa ridhaa yake Umar akiwa hai, na hatavirudia baada ya kufa kwake. Yazid akavichukua akavigawa kwa watu wa nyumba yake, na Fatima akitazama.